Msuli Usioamka (Sehemu ya Tisa)

Najua mmenitukana wiki nzima. Yuko aliyepiga simu gazetini akauliza mimi nina roho ya namna gani, kumwacha kijana wa watu amefungwa kitandani, tumbo wazi, huku dada yake ameshika nyaya mkononi. Haya, tulieni. Tunarudi chumbani sasa hivi.

Kwa aliyechelewa: chumba ni cha Dada Umeme, mtaalamu wa viungo, ghorofa ya pili juu ya duka la pampu za maji. Ana vitanda viwili vya ngozi nyeusi, rafu ya vyuma vya mazoezi, na mashine moja ndogo ya kuamsha misuli kwa umeme. Wiki saba mashine hiyo imemtibu Nondo, mkuu wa mabaunsa wa kumbi zote za starehe mjini, aliyechomwa kisu tumboni kwenye vurumai mlangoni. Na aliyefungwa kitandani ni Kitinda, mdogo wake Dada Umeme, baunsa wa zamani wa Nondo, anayesemekana ndiye aliyechoma. Mchana huu Nondo na msaidizi wake wamemkuta stoo, nyuma ya magodoro ya mazoezi.

Nondo alikuwa ametamka neno moja tu.

“Kifuani.”

“Unasemaje?” Dada Umeme aliuliza, ingawa alisikia vizuri kabisa.

“Mbandike kifuani. Kimoja huku, kimoja huku, moyo uwe katikati. Halafu fungulia mpaka mwisho. Wiki saba unanipapasa tumbo na kuniambia pole, kumbe aliyenitoboa umemweka stoo!”

Mkia akacheka. Mkia ni msaidizi wa Nondo, kapewa jina hilo kwa sababu haachani naye hata chooni. Alimsogelea Kitinda akamtandika ngumi ya mdomo. Jino likaruka likagonga kabati.

“Hiyo ni salamu,” alisema. “Mazungumzo bado.”

“Mwacheni!” Dada Umeme alifoka. Mkia akageuka akamzaba kofi lililompeleka hadi ukutani. Sikio likapiga king’ora. Mashine ikamponyoka, akaidaka kwa goti.

Hapo ndipo akili yake, badala ya kumruka, ilitulia. Alijua jambo ambalo Nondo hakulijua: umeme ule ukipita kifuani unaweza kuusimamisha moyo hapo hapo. Kila mgonjwa anayelala kitandani kwake huulizwa kwanza habari za moyo. Na huyu hakuwa mgonjwa. Huyu, yeye dada ndiye aliyembeba mgongoni tangu mama yao alipofariki, akamtafunia na chakula.

“Kifuani atakufa kabla hajafungua mdomo,” alisema huku akifuta damu puani. “Sasa wewe unataka maiti, au unataka jibu?”

Nondo akamtazama. Akakuna kidevu.

“Unajua, Daktari, wewe ungenifaa kazini.”

“Mimi si daktari.”

“Basi tumboni. Mimi nilichomwa tumboni, na yeye alipie tumboni.”

Wacha nikwambie, kubandika vile vibandiko vinne vya kwenye ncha za nyaya tumboni mwa mdogo wako si kazi ya mchezo. Viwili juu ya kitovu, viwili chini. Kushoto, kulia. Vidole vyake vilijua njia vyenyewe, lakini machozi yalikuwa yanamziba macho.

“Dada,” Kitinda alisema kwa mdomo uliovimba, “wewe ndiye wa kunifanyia hivi?”

“Nyamaza. Vuta pumzi. Ukisikia inabana, usibishane nayo.”

Akazungusha kitufe polepole. Kumi. Kumi na mbili. Mashine hiyo hubana sekunde tano, huachia sekunde kumi, hubana tena. Wagonjwa wake wengi wakifika ishirini huanza kumwita Mungu. Alikusudia kuishia kumi na tano na kumwomba mdogo wake kwa macho apige kelele za uongo.

Nondo hakumpa nafasi. Alimshika kiganja na kitufe chake kwa pamoja, akakisokota mpaka arobaini.

Tumbo la Kitinda likajikunja likawa mafundo. Mikanda ikalia. Akainuka kichwa na miguu kwa wakati mmoja, akatoa mlio mpaka wauza pampu wa chini, wenye makelele yao yote, wakanyamaza. Mabaunsa wawili walikuwa wamesimama kwenye ngazi. Walishaambiwa kwamba lolote watakalosikia, wasipande.

Sekunde tano zikaisha. Akaanguka.

“Nani alikutuma?” Nondo aliuliza.

“Sikukuchoma! Naapa, bosi, mimi sikukuchoma!”

Mkia akamshindilia kiwiko cha mbavu. “Bosi, huyu ni kiburi. Nipe mimi dakika mbili.”

Mashine ikabana tena. Kitinda akapinda, akatapika, akaunguruma. Dada Umeme alimsukuma Nondo kwa nguvu zake zote asifike popote. Ilikuwa sawa na kusukuma kabati.

Ikabana mara ya tatu. Na hapo, wasomaji wangu, Nondo akafanya jambo ambalo hakuna aliyelitegemea.

“Zima,” alisema.

Hakuwa anautazama uso wa Kitinda. Alikuwa analitazama tumbo.

Lazima uelewe Nondo ni mtu wa namna gani. Kabla ya kisu alikuwa na tumbo la vipande sita, yeye mwenyewe alivihesabia watu. Alikuwa anavua shati hata kwenye misiba. Leo upande wake wa kushoto, chini ya kitovu, umelegea umekuwa mfuko, na vijana wake wameanza kunong’onezana. Ndiyo maana wiki saba amepanda ngazi zile kila baada ya siku moja, akalala, akang’ata taulo, akasema ongeza, ongeza. Vipande vitano vilirudi. Cha sita hakikushtuka hata siku moja.

“Washa tena. Kidogo,” alisema.

Akawasha kidogo. Tumbo la Kitinda likaruka juu na chini, kulia na kushoto.

“Mbona lake linaruka lote?”

“Bosi, tuko kazini hapa,” Mkia alisema.

“Wewe kaa kimya. Daktari, nimekuuliza. Huku kwangu chini kushoto hapajawahi kuruka. Uliniambia waya ni mbovu.”

Kweli alimwambia hivyo. Maana ndivyo walivyo watu wa mashine: msuli ukigoma, wanailaumu mashine. Alibadilisha waya mara tatu. Alitupa boksi zima la vibandiko vizima. Aliifungua mashine kwa bisibisi akapuliza vumbi, akapaka mate, akaifunga. Halikumjia wazo la kulaumu kitu kingine. Na sasa waya ule ule, kibandiko kile kile, kimekaa upande ule ule wa mdogo wake, na msuli unaruka vizuri kabisa.

Waya haukuwa na kosa. Loo! Alijiona mjinga kuliko wajinga wote wa dunia.

“Vua shati,” alimwambia Nondo.

“Unaniamrisha?”

“Vua shati ulale pale. Nataka kukuonyesha nani amekuchoma.”

Mkia akacheka, lakini kicheko kilichelewa.

“Bosi, anavuta muda huyu. Anakuchezea akili.”

“Nikimaliza na ukaona nimedanganya,” Dada Umeme alisema, “kuna vitanda viwili hapa. Nifungeni kwenye cha pili.”

Nondo akavua shati. Akalala.

Akambandika vibandiko vile vile. Nyaya zile zile. Thelathini. Juu kulia pakaruka. Juu kushoto pakaruka. Chini kulia pakaruka. Chini kushoto palilala doro. Akapeleka mpaka thelathini na tano, akaiacha inabana na kuachia. Bado.

“Sikiliza vizuri,” alisema, na sauti yake sasa ilikuwa ya kazini, ile ya kumweleza mgonjwa mbishi. “Msuli una mshipa wa fahamu unaouamsha. Mishipa ya tumbo inatoka mgongoni, inazunguka ubavuni, ndiyo inakuja mbele. Hili kovu refu la katikati ni la mpasuaji. Ukikatwa katikati, mishipa haifi. Huu wako umekufa. Umekatwa njiani, kabla haujafika mbele.”

“Njiani wapi?”

Akaweka kidole kwenye ubavu wa kushoto, juu kidogo ya nyonga. Palikuwa na kovu dogo.

“Hapa.”

“Hilo ni tundu la mrija,” Nondo alisema. “Mrija wa kutolea uchafu hospitali.”

“Tundu la mrija ni hili la kulia. Litazame, ni duara. Mrija ni duara. Hili la kushoto ni mstari. Mimi natibu misuli, nililetewa habari ya mrija nikaiamini, na hilo ni kosa langu. Nani alikwambia ni mrija?”

Nondo akalipapasa kovu lile kwa kidole.

“Nilikuwa sijitambui,” alisema polepole. “Nilipozinduka niliambiwa. Niliambiwa Kitinda amenichoma tumboni akakimbia, na huku ubavuni ni mrija.”

“Uliambiwa na nani?”

Nondo akageuza kichwa kwenye mto.

“Siku ile Kitinda alikuwa mbele yako au pembeni?” Dada Umeme aliuliza.

“Mbele. Tulikuwa tumeshikana mashati.”

“Na kushoto kwako?”

“Kushoto kwangu huwa anakaa mtu mmoja tu.”

Mkia alikuwa ameshafika mlangoni.

Nondo aliruka kitandani na nyaya zake tumboni. Alimfikia kwa hatua mbili, akamkwida kola, akamrudisha chumbani akampigiza uso kwenye nguzo ya chuma ya pazia la vitanda. Pua ikapasuka. Akainua ngumi ya pili, na mashine, maskini, ambayo haijui ugomvi wala suluhu, ikabana. Thelathini na tano! Nondo akakunjika katikati mithili ya mtu aliyepigwa teke.

Sekunde tano. Mkia hakuhitaji zaidi. Kisu kilitoka kwenye soksi, kikamchana Nondo bega mpaka kwenye kiwiko. Kikarudi. Nondo akakikinga kwa kiganja, kikaingia upande huu kikatokea upande wa pili.

“Wiki saba!” Mkia alipiga kelele. “Wiki saba nakupandisha ngazi, nakufunga viatu! Kwa nini hukufa siku ile, wewe mzee?”

Mashine ikaachia.

Nondo alifunga vidole juu ya kisu kilichokuwa kwenye kiganja chake, na mkono wa Mkia ndani yake, akauvunja. Ulilia kama kijiti. Nyaya zikakatika, mashine ikaanguka sakafuni. Akamnyanyua Mkia mzima mzima akamtupa kwenye rafu ya vyuma. Rafu ikawaangukia wote wawili. Vyuma vikabiringika chumba kizima, na Dada Umeme akajitupa juu ya mdogo wake visimponde.

Alipoinua kichwa, Nondo alikuwa amemkalia Mkia kifuani, mkono mzima shingoni, ule wa pili ukiwa bado na kisu. Damu ya kiganja ilikuwa inamiminikia kwenye uso wa Mkia.

“Bosi...” Mkia alikoroma. “Muulize...”

“Nimuulize nani?”

“Muulize... siku ile... nani alikukumbatia... usigeuke.”

Nondo akalegeza kidogo. “Unasema?”

“Ulikuwa unageuka. Uliniona. Nani alikubana mikono? Kisu changu... mikono yake. Tulipanga wawili.”

Nondo akakumbuka. Ilionekana usoni kwamba amekumbuka. Akabana tena mpaka ikasikika shingo, na Mkia akatulia kwa mara ya kwanza maishani mwake.

Dada Umeme hakumtazama Mkia. Alimtazama Kitinda. Mtoto uliyemlea huna haja akujibu. Akidanganya utamjua, na akikosa la kudanganya utamjua zaidi.

“Dada,” Kitinda alisema, “usimsikilize.”

“Ulimshika?”

“Alinipiga teke mbele ya mchumba wangu nikalala kwenye matope, watu wakacheka. Mkia alisema tumshike tu. Alisema atampiga ngumi tu.”

“Ulimshika, Kitinda?”

“Nilimshika.”

Mungu wangu! Alikuwa ametoa ushahidi wa kumwokoa mdogo wake, akaupanga vizuri kabisa, na ushahidi huo huo umemrudi mdogo wake shingoni.

Nondo alisimama. Alichomoa kisu kiganjani kwake kwa meno, akakihamishia mkono mzima. Alipita juu ya Mkia bila kuangalia chini.

“Umenifundisha vizuri leo, Daktari,” alisema. “Sogea.”

“Nakuomba. Mpeleke polisi. Mvunje miguu, mimi nitamtibu. Nakuomba, Nondo, huyu ndiye peke yake niliyebaki naye.”

“Na mimi nilikuwa na tumbo moja tu. Sogea!”

Alimsukuma kwa kiwiko akaenda chini kati ya vyuma. Kitinda alianza kupiga kelele na kujirusha ndani ya mikanda. Nondo akamshika nywele, akamgeuza shingo, akatafuta mahali.

Mkono wa Dada Umeme uliangukia chuma cha kilo nne, kile cha wagonjwa wanaoanza.

Hakufikiri. Hakuna haja nikudanganye hapa kwamba alifikiri. Alinyanyuka, akachukua chuma kwa mikono miwili, na badala ya kukielekeza kichwani ambako Nondo angekiona kinakuja, alikizungusha chini kwa chini. Kushoto, chini ya kitovu, pale ambapo alikuwa ameweka kiganja chake wiki saba akiomba paamke. Hapakuwa na kitu cha kukizuia. Chuma kiliingia kama kwenye unga.

Nondo akafungua mdomo. Sauti haikutoka. Kisu kikadondoka. Akaenda chini kwa magoti, kisha kwa ubavu, akajikunja, uso ukaanza kuwa wa kijivu.

“Daktari,” alinong’ona. “Daktari, nakufa.”

“Simama, twende!” Dada Umeme alikuwa anang’ang’ana na mikanda. Vidole vinateleza kwa damu. Mmoja ukafunguka, wa pili, wa tatu. “Dirisha la stoo lina bomba la maji, utashuka nalo. Usipite kwenye ngazi, kuna watu wawili. Unanisikia?”

Kitinda alikaa kitandani akihema. Akateremka. Akajishika ukingoni.

Dada Umeme alipiga magoti kwa Nondo, akamgusa tumbo. Lilikuwa gumu kama ubao sasa, ila pale palipokufa. Alijua maana yake. Kuna kitu kimepasuka ndani, na mtu huyu ana saa moja, mbili akibahatika.

“Nenda, Kitinda. Mimi napiga simu hospitali. Huyu akifa hapa nitakuwa nimeua mtu.”

Hakusikia nyayo zikielekea stoo.

Aligeuka. Kitinda alikuwa ameinama katikati ya vyuma. Alipoinuka alikuwa na kisu.

“Weka chini hicho.”

“Akipona atatuua wote wawili.”

“Weka chini, nimesema! Hawezi hata kuinua mkono!”

“Ndiyo maana,” Kitinda alisema. Alijifuta mdomo. “Mkia hakujua kuchoma. Nilimwambia siku ile, ubavuni si mahali. Akanibishia.”

Dada Umeme akaelewa. Kwa hiyo hakudhani ni ngumi. Kwa hiyo alijua habari ya kisu tangu mwanzo, na mahali pa kukiweka alipajadili.

Nondo alimshika gauni, kwa mkono uliotobolewa, kwa nguvu za mtoto. Mtu yule aliyetaka kumchinja mdogo wake dakika mbili zilizopita, sasa alikuwa amejificha nyuma yake.

Dada Umeme akatanua mikono. Hakuondoka.

“Utapita kwangu kwanza,” alisema, akiamini kabisa kwamba maneno hayo yanatosha, maana yalitosha tangu huyu akiwa na miaka mitatu.

Kitinda alimtazama. Akatazama kisu. Akamtazama tena dada yake, juu mpaka chini, kwa utulivu, kama mtu anayetafuta mahali.

“Toka hapo, dada,” alisema, na akapiga hatua.